Kikombe cha Mnyata

Kwa miezi mitano, kila Jumamosi mchana, Dada Usafi alikaa meza moja na mtu asiyetaka hata kusikia sauti yake. Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la kutoa kopi. Na yeye Dada Usafi hakumpenda. Tusizunguke: walichukiana, kila mmoja alijua, na chai ya pale mezani waliinywa kwa sababu tu Nesi, mwenzao wa mezani, aliibeba kwenye chupa kutoka kwake, na ingekuwa aibu kumrudishia imejaa.

Kilichowaweka pamoja ni karatasi. Karatasi moja, jamani, wala si nyumba wala shamba.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Mnyata. Mnyata hakuwahi kuwa mtu wa damu na nyama. Alikuwa mhusika wa mchezo ule wa mezani ambao watu wanakaa wanne au watano, mmoja anaongoza na kusimulia mapango, majitu na milango iliyofungwa, na wengine kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini. Unasema, unarusha dadu yenye pande ishirini, dadu inakujibu. Kila mhusika ana karatasi yake yenye nguvu zake, silaha zake na majeraha yake. Marehemu alimcheza Mnyata miaka tisa. Mhusika huyo alikuwa mwizi mdogo wa mwili, asiyesikika akitembea. Mbele ya karatasi tarakimu zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi yenyewe ikawa laini kama ganda la kitunguu, ndiyo maana marehemu aliitia kwenye mfuko wa plastiki na kuikingia kipande cha kadibodi kwa nyuma isikunjike.

Lakini utamu wa karatasi ile ulikuwa huko huko nyuma, kulikofunikwa na kadibodi. Kila Jumamosi, wakitoka mchezoni, marehemu alikuwa akiandika mstari mmoja mgongoni mwa karatasi. "Mvua. Fundi kaanguka mtoni na shoka lake. Tumecheka." "Joto. Mdogo wangu kanuna, nimemshinda." Miaka tisa ya mistari, herufi ndogo ndogo, zimebanana. Dada Usafi alifanya kazi ya usafi kwenye jengo la ofisi lenye ghorofa saba, na saa ya chakula alijifungia stoo ya ndoo na mifagio, akatoa karatasi, akaondoa kadibodi, akasoma. Mistari ya mwisho hakuisoma kazini. Ile aliiogopa.

Shemeji naye aliitaka, na hakuitaka kwa kuomba. Siku ya mazishi, mbele ya watu wamejaa ua mzima, alimnyooshea kidole: "Wewe ulimficha kaka yangu mpaka akafa." Ni kweli marehemu aliugua miaka miwili, na mdogo wake akaambiwa zimebaki wiki tatu, mgonjwa hawezi tena kuinuka kitandani. Ni kweli pia kwamba Dada Usafi alijua tangu siku ya kwanza. Hakujibu neno siku ile. Baada ya wiki mbili shemeji akatuma ujumbe: karatasi ya Mnyata ni mali ya kundi, irudishwe.

"Irudishwe?" Dada Usafi alisema peke yake jikoni, mpaka sufuria ikaungua. "Irudishwe na nani?"

Nesi, ambaye alikuwa mmoja wa wachezaji na mtu wa kupenda amani, alipendekeza itolewe kopi, kila mmoja awe na yake. Shemeji alimkata jicho. "Kopi natoa mia tano kwa siku, Nesi. Mimi usiniambie habari za kopi."

Maneno yakafika kwa mama mkwe. Bibi yule alikuwa amezika mwanawe mkubwa na hakuwa na nguvu za kusikiliza ugomvi wa karatasi. Aliwaita wote wawili sebuleni, akawauliza mchezo wenyewe unakwishaje. Shemeji akaeleza kwamba mhusika akifa, karatasi yake inaingia kwenye kopo la biskuti la mwongozaji, na mwongozaji ni yeye. Akimshinda adui wa mwisho akatoka hai, karatasi inabaki kwa mchezaji wake.

"Basi kamalizeni huko huko," mama mkwe alisema. "Mke achukue nafasi ya mumewe. Mnyata akifa, karatasi iende koponi. Akitoka hai, ni ya mke, na nisisikie tena. Mmenichosha."

Neno la mama mkwe lilikuwa neno. Ndiyo Dada Usafi, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kushika dadu maishani, akaanza kujifunza sheria. Alijifunza kwa hasira, na hasira ni mwalimu asiyekupa likizo. Marehemu aliacha daftari la sheria walizokubaliana kundini, limeandikwa kwa mkono wake, linakaa dukani. Alilisoma pale pale kwenye kiti, kabla ya mchezo, mpaka akalijua kuliko mwenye duka. Ukurasa wa kumi na moja ndio aliokuwa akiurudia. Ulihusu kujificha katikati ya mapigano.

Huwezi kujificha mbele ya anayekutazama. Lazima kuwe na kitu kati yenu: ukuta, giza, moshi. Kisha urushe dadu, na jumla yako ipite jicho la adui. Ukimpiga mtu ukiwa umejificha, unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo bora, maana hakukutarajia. Lakini ukishapiga tu, umeonekana. Na mwisho kulikuwa na sheria ya kikombe, ambayo haipo katika kitabu chochote, marehemu aliitunga mwenyewe. Zamani Fundi, mchezaji wa nne, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, kila alipopigwa alibisha: "Aa, mimi sikuwa hapo, nilishahama." Ugomvi ulikuwa hauishi. Marehemu akaleta kikombe cha bati kutoka nyumbani. Ukijificha, andika mahali ulipo kwenye kijikaratasi, kiweke chini ya kikombe kilichopinduliwa. Ukihama, andika kingine, kiongeze. Mwongozaji haruhusiwi kufunua mpaka adui apige mahali hapo kwa kupataja, au aliyejificha atoke mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kwamba hakuwa hapo.

Ikafika Jumamosi ya mwisho.

Chumba cha nyuma ya duka kilinuka wino wa mashine na plastiki ya moto. Marundo ya rimu za karatasi yalipanda mpaka dirishani, mashine ya kukatia karatasi ilifunikwa na gunia ili Fundi asijikate vidole kama mara ile, na juu ya meza kulitandazwa ramani iliyochorwa mgongoni mwa tangazo lililochapwa vibaya. Ukumbi wa mawe. Nguzo nne. Kisima kikavu. Juu, boriti za mbao. Upande mmoja pazia refu. Katikati, kiti kikubwa cha mawe, na juu ya kiti, kifuniko cha chupa kilichopakwa rangi ya kijivu: Jitu la Majivu, adui wa mwisho.

Shemeji alikuwa amenyoa, amevaa shati jipya. Kopo la biskuti aliliweka mezani, wazi, mbele ya Dada Usafi.

"Lile la nini sasa hivi?" Nesi aliuliza.

"Liko tayari tu."

"Na mimi niko tayari," Dada Usafi alisema. "Funika, linaingiza vumbi."

Hakulifunika.

Wakaanza. Shemeji alisimulia vizuri, hilo tusimnyime. Jitu lilipoinuka kitini hata Fundi, aliyekuwa na shoka kubwa kuliko wote, alimeza mate. Pigo la kwanza lilimrusha mhusika wa Fundi ukutani. Nesi, ambaye mhusika wake alikuwa mganga, alikimbilia kumtibu. Ikawa zamu ya Mnyata.

"Nakimbia nyuma ya nguzo ya pili," alisema Dada Usafi. "Nikifika, najificha."

"Hujifichi."

"Kwa nini?"

"Jitu limekuona unakwenda. Linajua uko nyuma ya nguzo. Kujificha gani huko, shemeji? Hata watoto hawachezi hivyo."

"Kujua nilikokwenda siyo kuniona. Bosi akiniona naingia stoo, anajua niko stoo. Hajui kama nimesimama nyuma ya mlango au nimelala chini ya rafu."

"Hapa siyo kwenye ndoo zako."

Fundi akaangalia dari. Nesi akasema, "We!" kwa sauti ya chini. Dada Usafi akaelekeza kalamu kwenye daftari. "Fundi," alisema, "soma ukurasa wa kumi na moja. Mstari wa nne."

Fundi akalivuta daftari, akasoma polepole, kidole kikifuata herufi. "'Ukishakingwa unaweza kujificha hata kama adui alikuona ukienda. Adui anajua ulikopotelea. Hajui ulipo.'"

"Mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho," shemeji alisema.

"Ni kweli. Basi liseme. Mbele ya hawa wawili, sema kaka yako alikosea."

Mashine moja mbele dukani ilikuwa inapoa, inatoa mlio kila baada ya muda. Shemeji alikuwa na uwezo wote wa kulisema, na mdomo ulikuwa wake, na mchezo ulikuwa wake. Akaangalia daftari. Akaangalia pembeni.

"Rusha," alisema.

Dadu ikatoa kumi na nne. Kwa ujuzi wa Mnyata jumla ikawa ishirini na tatu, na jicho la jitu lilikuwa kumi na sita tu. Amejificha. Dada Usafi akaandika kijikaratasi, akakisukuma chini ya kikombe.

Kengele ya dukani ikalia hapo hapo. Mteja anataka kopi ya kitambulisho. Shemeji akainuka, na alipokuwa anapita, Dada Usafi akaweka kiganja juu ya kikombe.

Shemeji akasimama. "Unadhani nitafunua?"

"Sidhani kitu. Nashika tu."

"Mwizi anamwogopa mwizi."

"Mteja wako anasubiri, shemeji."

Aliporudi alikuwa ameiva kwa hasira. Hakukaa hata vizuri. "Jitu linawaacha wengine wote," alisema. "Linamtaka Mnyata."

"Ebo!" Fundi aliruka. "Mimi nimesimama mbele yake na shoka!"

"Halikuoni."

"Halinioni? Mimi na mwili huu?"

"Halina shida na wewe, Fundi! Nimeshasema!" Akamgeukia Dada Usafi. "Linajua ulikopotelea. Lakini Mnyata hakai chini. Kaka yangu miaka tisa hakukaa chini hata siku moja, ukimkimbiza anapanda. Jitu linatema moto juu. Kwenye boriti zilizo juu ya nguzo ya pili. Zote." Akanyoosha mkono kukamata kikombe.

"Siko kwenye boriti," Dada Usafi alisema.

"Una uhakika?"

"Wewe umetaja boriti. Siko huko. Toa mkono."

Kwa kweli alikuwa nyuma ya nguzo ile ile, hakusogea hata hatua, amesimama kama ufagio. Boriti ziliungua. Shemeji alizisimulia zinavyoungua kwa uchungu kana kwamba ni nyumba yake: pazia likashika moto, majivu yakaanguka, ukumbi ukajaa moshi mzito, mtu haoni hata ncha ya mkono wake.

Dada Usafi akainua kichwa. "Haoni nani?"

"Hakuna anayeona."

"Hata jitu?"

"Hata jitu! Nimesema hakuna! Sasa utatokea wapi? Utakohoa, utasikika. Ukisogea hatua moja urushe upya."

"Sawa," alisema. "Nimesikia. Na Nesi kasikia."

Fundi kwanza alirusha yake, akalikata jitu mguuni, maana jitu lilikuwa halimtazami. Kisha Dada Usafi akaitazama ramani kwa muda. Aliwaza kama mfanyakazi wa usafi, maana hakujua kuwaza kama mwizi. Miaka kumi na moja amepiga deki kwenye ofisi za wakubwa. Aliwahi kusugua chini ya meza ya mkurugenzi, mkurugenzi mwenyewe amekaa, viatu viko usoni kwake, anamtukana mtu kwenye simu mpaka anamaliza, hajui kama kuna binadamu pale. Wakubwa wanaangalia mlangoni, wanaangalia dirishani, wanaangalia walinzi. Chini ya makalio yao hawaangalii.

"Nasogea ndani ya moshi," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Ninakokwenda kunaandikwa." Akarusha. Kumi na moja. Jumla ishirini. Siyo nyingi. Akaandika, mkono umefunika kalamu, akakitia chini ya kikombe.

Zamu ya jitu. Shemeji alikuwa amesimama sasa, viganja vyote viwili mezani, jasho kwenye shati jipya. "Kisimani," alisema. "Alikipenda kisima. Mara mbili aliniponyoka kisimani. Jitu linamwaga makaa yote ndani ya kisima."

"Siko kisimani."

"Mungu wangu," Nesi alisema, akakunja miguu kwenye kiti.

Fundi akalikata tena mguuni. Nesi, ambaye mganga wake hakuwa na mgonjwa tena, akalirushia jitu jiwe, na jiwe likapata. Jitu likatoka damu ya majivu. Shemeji aliandika majeraha yale bila kuangalia, kama mtu anayefukuza nzi. Dada Usafi hakusogea. Akaandika kijikaratasi cha tatu hivyo hivyo, makusudi, shemeji amwone anaandika. Alimwona, na mshipa wa shingo ukasimama.

"Sitapiga," shemeji alisema. "Natafuta. Jitu linatumia zamu yake yote kutafuta. Masikio, pua, macho." Akaichukua dadu, akaipuliza, akairusha kwa nguvu mpaka ikagonga kopo la biskuti.

Kumi na sita.

"Na tatu za jitu," alisema. "Kumi na tisa. Wewe una ngapi?"

Nesi akamjibia Dada Usafi. "Ishirini."

"Ishirini ngapi?"

"Ishirini kavu. Imekosa moja."

Shemeji alipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika kwenye nguzo ya nne. Alitaja matusi mawili ambayo hayana haja ya kurudiwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Haya. Jitu linarudi kitini kwake. Linakaa. Mgongo kwenye mawe, mtu asilijie kwa nyuma. Atoke sasa. Atoke tumwone."

Basi, Fundi huyo baadaye alisema kwamba alimwona Dada Usafi anafumba macho. Alifumba kweli, kidogo tu, akafumbua.

"Natoka," alisema. "Na ninapiga. Dadu mbili."

"Unapiga kutoka wapi?"

"Narusha kwanza, shemeji. Sheria ni kurusha kwanza?"

"Rusha!"

Ya kwanza ikatoa tatu. Ya pili ikazunguka, ikazunguka, ikagusa daftari la marehemu, ikalala. Kumi na saba.

Hata mtoto angejua imepata. Wakajumlisha pigo la Mnyata na majeraha ya shoka na jiwe ambayo shemeji aliyaandika bila kuyaangalia. Wakajumlisha mara mbili, kwa sababu alidai. Fundi akachukua kile kifuniko cha chupa cha kijivu, akakilaza chali.

"Fungua kikombe," Dada Usafi alisema. "Fungua mwenyewe."

Alikifungua. Vijikaratasi vitatu. Alivisoma kwa mpangilio, kwa sauti, kama sheria inavyotaka, na sauti ilikuwa inapungua.

"'Nyuma ya nguzo ya pili.'

"'Chini ya kiti cha jitu.'

"'Chini ya kiti cha jitu. Bado.'"

Fundi aliachia kicheko, akajiziba mdomo, kikatokea puani. Shemeji hakucheka. Alikuwa mweupe midomoni.

"Umeniibia," alisema. "Kaka yangu asingejificha hapo. Hata siku moja! Chini ya kiti, kama panya! Mnyata hajifichi hapo!"

"Kaka yako hayupo hapa."

"Usiniambie!"

"Nakwambia. Raundi tatu unamtafuta yeye. Boriti alizozipenda, kisima alichokipenda. Mimi hukunitafuta hata mara moja. Nilikuwa nimekaa chini yako, ukaja ukanikalia."

"Wewe ni bingwa wa kuficha, tunajua!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na mteja aliyekuwa mbele dukani akasita, akaondoka zake. "Hiyo ndiyo kazi yako! Ulimficha mtu miaka miwili! Ndugu yangu wa tumbo moja! Ulimficha!"

Hapo ndipo Dada Usafi alipolisema lile alilolimeza tangu mazishini, na hakulisema kwa upole.

"Alijificha mwenyewe. Unanisikia? Mwenyewe! Aliniapisha, akasema mdogo wangu akijua hatacheza tena na mimi, atakaa ananiangalia kama maiti, nitakosa hata Jumamosi zangu. Mimi sikumficha. Mimi nilishika kikombe. Na alijificha wapi? Hapo! Kiti hicho hicho cha Nesi, mkono mmoja kutoka kwako, kila wiki! Amekonda, mkanda ametoboa matundu mapya, kalamu inamponyoka. Ukawa unamtafuta nyuma ya nguzo."

Nesi aliinuka kwenye kile kiti taratibu, akaenda kusimama karibu na rimu.

Shemeji alikaa. Dada Usafi akaanza kukusanya vitu vyake: mkoba, kalamu, mwavuli. Akaichukua karatasi ya Mnyata pale mezani. Alikuwa ameshinda, ilikuwa yake, na alitaka kutoka humo ndani kabla hajalia mbele ya mtu asiyestahili kuona machozi yake.

"Ugonjwa ulianza lini?" shemeji aliuliza.

Swali hilo hakuwahi kuliuliza. Sio mazishini, sio kwa mama mkwe, sio Jumamosi hata moja kati ya zote zile. Alikuwa na madai tu. Dada Usafi alisimama na mkoba begani, akijua kabisa kwamba anaweza kumpa kisogo na hakuna atakayemlaumu.

Akaitoa karatasi kwenye plastiki. Akaondoa kadibodi. Akaigeuza, akaiweka mbele ya shemeji, lakini kidole hakukiondoa kwenye kona.

Shemeji alikuwa mtu wa maandishi. Siku nzima watu wanamletea barua, vyeti, hati zilizofifia, na yeye ndiye anayewasomea herufi wasizoziona. Hakuhitaji kuelezwa. Alianza juu, akashuka mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Mvua. Fundi na shoka lake. Mdogo wangu kanuna. Akashuka. Karibu na robo ya mwisho kidole chake kikasimama.

"Hapa," alisema.

Mstari ule ulisema: "Joto. Nesi kaokoa wote. Tumecheka." Herufi zilikuwa zimeanza kukatika, na "tumecheka" ilikuwa imeshuka chini ya mstari. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa karatasi mwandiko uliendelea kutawanyika, na mstari wa mwisho kabisa haukusomeka.

"Hapo," Dada Usafi alikubali.

"Siku ya pigano la darajani. Nakumbuka. Nilichungulia anaandika, nikamwambia mwandiko wako siku hizi kama kuku amepita."

"Alinisimulia."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Akasema hujui kitu."

Shemeji aliinamisha kichwa. Kama alilia, alilia kimya, na Dada Usafi hakumgusa bega wala hakumwambia pole. Hakuwa amemsamehe ya mazishini, na hakuwa na haraka. Alingoja tu, kidole kwenye kona.

"Naomba kopi," shemeji alisema mwishowe, bila kuinua uso. "Moja."

Nesi alifungua mdomo, Fundi akamfinya.

Dada Usafi aliiangalia karatasi. Tarakimu za mbele zilikuwa za Mnyata, za ushindi, zile alizozigombania shemeji miezi yote ile. Nyuma kulikuwa na mistari.

"Upande wa nyuma tu," alisema.

Wakaenda mbele dukani, Dada Usafi ameishika karatasi mwenyewe. Aliilaza juu ya kioo kwa mikono yake, akafunga kifuniko, akasimama hapo hapo. Shemeji akabonyeza. Mwanga ukapita mara moja. Kopi ilipotoka, mtu huyu wa kopi mia tano kwa siku aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, akarudi kwenye mashine.

"Mstari wa mwisho haujashika," alisema. "Wino umefifia sana. Niongeze weusi, nitoe tena?"

"Toa," alisema Dada Usafi, akainua kifuniko. "Na mimi sijawahi kuusoma."